Uzi: Kwa nini ndege inakaa chini Entebbe miezi kwa kukosa kipuri kimoja, na Afrika Mashariki tufanye nini

Mtunza Stoo, Entebbe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila safari inapoahirishwa hapa Entebbe, mitandao inajaa maneno: wezi, wazembe, serikali haijui biashara. Uzembe ukiwepo uchunguzwe, sitetei mtu. Lakini mimi nafanya kazi kwenye stoo ya vipuri vya ndege, na kuna jambo abiria halioni akiwa amekaa pale na begi lake. Mara nyingi ndege imesimama kwa sababu kipuri kinachotakiwa hakipatikani popote kwa leo, hata uwe na dola mkononi. Naomba nilieleze vizuri, kisha nitasema ninachoamini tunapaswa kufanya.

Gari likikufia Kampala unakwenda Kiseka, soko la spea. Utapata spea mpya, au iliyotumika ya Japani, au fundi atakuchongea, na jioni uko barabarani. Ndege haina Kiseka. Kila kipuri lazima kije na cheti cha kuruhusiwa kutumika, kinachotaja namba ya aina yake, namba yake chenyewe, kilitengenezwa au kukarabatiwa wapi, na aliyetia saini ana kibali gani. Cha Ulaya ni EASA Form 1, cha Marekani ni FAA 8130-3. Boksi likifika bila cheti hicho, hata kama kipuri kinang'aa, naliingiza kwenye kabati la kufuli na halitoki mpaka karatasi ipatikane. Kwa vipuri vya ndani ya injini vyenye ukomo wa maisha, karatasi zinatakiwa zirudi nyuma hadi siku kilipotoka kiwandani: kimefungwa kwenye injini ipi, kwa shirika lipi, kimeruka mara ngapi. Ukurasa mmoja ukipotea, diski ya bei ya nyumba ya ghorofa inakuwa chuma chakavu.

Msidhani huo ni urasimu. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, imekuwa ikiuza vipuri vya injini za CFM56 kwa vyeti vya kughushi. Hiyo ndiyo injini ya Boeing 737 za kizazi kilichopita na ya A320 nyingi, yaani injini iliyoenea kuliko karibu zote. Mashirika makubwa yalilazimika kusimamisha ndege na kufungua injini kutafuta vipuri hivyo, na injini zilizoguswa zilizidi 100. Mwaka uliofuata likaibuka la titaniamu: FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaanza kuchunguza titaniamu iliyoingia kwenye ndege za Boeing na Airbus ikiwa na vyeti vya uongo. Kama wao wenye viwanda wanapenyezewa, sisi tunaonunua mwisho wa mstari tuwe macho mara mbili.

Kuna vipuri vinavyozeeka rafuni, na hili linatuumiza sana sisi tulio mbali na bahari. Mfano ni silanti ya kuziba tangi la mafuta kwenye bawa. Ina tarehe ya mwisho, inatakiwa ikae kwenye ubaridi, na maisha yake yanahesabiwa kwa miezi. Inatoka kiwandani, inakaa kwa muuzaji, inasafiri, inasubiri forodhani. Ukifungua katoni Entebbe unakuta imebakiwa na wiki chache, na ndege inayoihitaji itaingia hanga mwezi ujao. Unaitupa, unaagiza nyingine. Mipira ya kuzuia mafuta kuvuja nayo ni hivyo hivyo: kila kipakiti kimeandikwa robo ya mwaka ambayo mpira ulipikwa kiwandani, na ukaguzi unaanzia hapo.

Nitaendelea na suala la foleni kwenye posti inayofuata.

Mtunza Stoo, Entebbe (mleta uzi)

Foleni sasa.

Mwishoni mwa 2024 IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ilisema oda za ndege ambazo hazijatimizwa duniani zimefika 17,000, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Mwaka 2025 ikakadiria kwamba matatizo ya ugavi yatayagharimu mashirika zaidi ya dola bilioni 11 mwaka huo pekee: mafuta ya ziada kwa sababu ndege kuukuu zinaendelea kuruka, matengenezo ya ziada, kukodi injini, na kurundika vipuri stoo kwa hofu ya kuvikosa.

Chanzo kimoja ni Korona. Viwanda vilipunguza watu 2020, na waliokwenda ni wale wenye ujuzi wa miaka. Mtu anayejua kusubu pangaboi la turbini humpati kwa tangazo la wiki mbili. Chanzo kingine ni kwamba ukipanda juu mnyororo huu unakuta milango michache mno. Vyuma vikubwa vya injini vinavyosubuliwa na kufuliwa vinatoka kwa kampuni za kuhesabu kwa vidole. Februari 2025 kiwanda cha SPS Technologies huko Pennsylvania, kinachotengeneza bolti na vishikizo vya ndege, kiliungua, na wanunuzi dunia nzima wakaanza kukimbizana kutafuta kwingine. Katikati ya 2025 Airbus yenyewe ilikuwa na ndege 60 zilizokamilika, hazina injini.

Tazameni tulivyo sisi. Uganda Airlines ilirudi angani Agosti 2019 kwa CRJ900, jeti ndogo za Bombardier ya Canada, na jumla zikawa 4, kisha zikaja Airbus A330-800 mbili kati ya Desemba 2020 na Februari 2021. Bombardier iliuza mradi wa CRJ kwa Mitsubishi ya Japani Juni 2020, na CRJ ya mwisho kabisa ilikabidhiwa kwa mteja Marekani Februari 2021. Vipuri bado vinatengenezwa, lakini wateja wakubwa ni mashirika ya Marekani yenye mamia ya CRJ. A330-800 ni nzuri kwa safari ndefu, ila walioinunua duniani ni wachache sana. Mwenye ndege mia mbili na mwenye ndege nne wakiomba kipuri hicho hicho siku moja, mnajua nani anapigiwa simu kwanza. Mwenye nguvu mpishe, ndiyo sheria ya foleni hii.

Ninachoamini ni hiki: hakuna shirika la Afrika Mashariki litakaloweza foleni hii likiwa peke yake. Tuweke vipuri pamoja. Karibuni tujadili.

Mdau wa Dar

Mleta uzi umegusa kidonda. Huku kwetu Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kupunguza safari kwa sababu ndege zake za Airbus A220 zilisimama kwa injini za Pratt & Whitney. Watu wakasema mama yetu kanunua mabovu. Kumbe ndege za aina hiyo zilikuwa zimesimama mpaka Uswisi na kwingineko, injini zinatolewa kabla ya muda wake na karakana hazina nafasi.

Halafu 2023 ikaja shida nyingine kwa injini ndugu yake, ile inayofungwa kwenye A320neo. Unga wa chuma uliotumika kutengeneza diski za turbini ulikuwa na uchafu, kwa diski za kuanzia mwisho wa 2015 hadi 2021. Injini mamia zikaitwa zirudi zikaguliwe, na injini moja ikiingia foleni inakaa hata siku 300. Sasa jiulize, injini zote hizo zinapigania karakana zile zile na vipuri vile vile. Sisi wa A220 tunapata nini?

Rubani wa Kajjansi

Wengi mnafikiria ndege kubwa. Njooni Kajjansi, uwanja wetu wa ndege ndogo, mjionee mnyororo mwingine.

Cessna 172 na 206 za pistoni hazinywi Jet A-1, mafuta ya injini za jeti na turbini, zinakunywa avgas 100LL, petroli ya ndege. Ndani ya avgas kuna kiungo cha risasi, tetraethyl lead, na karibu dunia nzima inategemea kiwanda kimoja cha Innospec kilichopo Ellesmere Port, Uingereza. Kiwanda kimoja. Ulaya imeweka kiungo hicho chini ya kibali maalumu tangu Mei 2025, na Marekani inalenga kuachana na mafuta ya risasi ifikapo mwisho wa 2030. Siku soko hilo kubwa likifunga mlango, ni nani atachanganya avgas kwa ajili ya Afrika Mashariki?

Huku avgas inatufikia kwa mapipa ya lita 200. Kabla hujamimina unatazama lakiri ya pipa, unalinganisha namba ya toleo na cheti, unavuta sampuli kwenye chupa ya kioo na kuinyanyua kwenye mwanga. Rangi iwe buluu safi, chini pasiwe na tone la maji. Pipa lisilo na cheti halitumiki, hata kama ndiyo la mwisho. Nimeona wanafunzi wa urubani wakikaa chini ya mwembe siku nzima, hali ya hewa nzuri, mwalimu yupo, ndege nzima, mafuta hakuna. Masaa yao ya kuruka yanasogezwa, na ada ya hosteli inaendelea kulipwa na mzazi wa Mbale au Lira.

Cessna Caravan, yenye injini ya turbini, ina nafuu kwa kuwa inatumia Jet A-1, na ndege za mafunzo za Diamond zenye injini ya dizeli nazo pia. Shule inayonunua ndege leo ifikirie hilo kabla ya rangi na bei.

Wakala wa Malaba

Na hiyo Jet A-1 yenyewe msiichukulie kirahisi. Inashuka Mombasa, inapita kwenye bomba la Kenya Pipeline hadi Eldoret au Kisumu, kisha inapanda malori kuja Malaba au Busia. Wenye umri wanakumbuka Januari 2008, vurugu za uchaguzi Kenya, reli inang'olewa Kibera, na Kampala mafuta yakawa dhahabu. Januari 2022 tena, madereva waligoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya Korona, foleni ya malori ikaenda maili na maili. Tangu Julai 2024 UNOC, shirika la mafuta la taifa la Uganda, ndiyo inaingiza mafuta ya nchi nzima kupitia Vitol, kampuni ya biashara ya mafuta, na njia ya ziwa kutoka Kisumu hadi bohari ya Bugiri-Bukasa imesaidia kupunguza utegemezi wa barabara. Lakini bomba ni lile lile na bandari ni ile ile.

Kuhusu vipuri kwa ndege: sheria ya forodha ya EAC inavisamehe ushuru vipuri vya ndege. Kinachochelewesha ni maelezo. Mtu anaandika kwenye ankara "pampu" basi. Ofisa wa forodha atajuaje kama ni ya ndege au ya kisima? Andikeni namba ya aina, aina ya ndege, na mwambatanishe cheti. Na betri, mitungi ya oksijeni na kemikali vinahesabiwa mizigo hatari, vina karatasi yao na si kila ndege ya abiria itakubali kuvibeba. Ndiyo maana kitu kidogo kinapitia nchi nne kabla ya kufika kwako.

Mtunza Stoo, Entebbe (mleta uzi)

Wakala, asante sana kwa hiyo ya ankara. Nitaituma kwa wauzaji wetu kama ilivyo.

Binti Kilembe

Mimi ni wa Kasese, naomba nichangie kutoka upande wa machimbo.

Aloi zinazostahimili moto ndani ya injini zina nikeli, na nyingi zina kobalti. Kilembe ilichimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982, na mabaki yake ya mawe yenye kobalti yakabaki yamerundikwa. Kuanzia 1999 Kasese Cobalt ilikuwa ikitumia bakteria kuyeyusha yale mabaki na kutoa kobalti, hadi malighafi ilipoisha mwaka 2013 hivi. Nimekua naona lile rundo. Kwa hiyo madini yenye sifa hizo yalitoka Uganda kwa miaka kadhaa yakiwa malighafi, na tunapohitaji diski ya turbini tunapiga magoti. Congo jirani ndiyo inayoongoza duniani kwa kobalti.

Sisemi tujenge kiwanda cha injini kesho. Ila mkisema Afrika Mashariki haina nguvu kwenye foleni, basi mjue nguvu ipo ardhini, haijafungwa kwenye mkataba.

Mwana Soroti

Wakuu, nasoma ufundi wa ndege hapa Soroti. Hii shule ilianzishwa 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu, kwa hiyo hoja ya kuweka pamoja naielewa damuni.

Nataka kuongeza kwamba hata anga za juu ni hivyo hivyo. Satelaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyojengwa na wahandisi wetu kule chuo kikuu cha Kyutech, Japani, ilipaa Novemba 7, 2022 kutoka Wallops, Virginia, kwa roketi ya Antares. Roketi ile hatua ya kwanza ilitengenezwa Ukraine na injini zake zilikuwa za Urusi! Vita vilikuwa vimeshaanza Februari. Waliotengeneza walibaki na roketi mbili tu za aina ile, yetu ikapanda moja, ya mwisho ikaruka Agosti 2023, kisha ikabidi mizigo yao ihamie kwa Falcon 9, roketi ya SpaceX, wakisubiri hatua mpya ya Kimarekani. Tungechelewa kidogo sijui tungepandishwa na nani na lini.

Swali langu kwa mleta uzi: hii kazi ya stoo inasomewa wapi? Darasani wote wanataka kushika spana.

Mzee wa Embakasi

Vijana, niwarudishe nyuma. East African Airways tulikuwa nayo, na ilikuwa ya heshima, tulirusha Super VC10 hadi London. Karakana kubwa ilikuwa hapa Embakasi, Nairobi. Ilipovunjika 1977 kila nchi ilishika kilichokuwa kwenye ardhi yake. Kampala walikuwa wameshaanzisha shirika lao 1976, Nairobi na Dar wakafuata 1977. Mgawanyo wa mali za jumuiya nzima ulikuja kumalizwa 1984. Mnataka kurudia?

Na msisahau juzi tu. Mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Kipuri chenu kingekuwa Kigali wakati huo mngekipataje?

Kila nchi inunue chake. Kidogo chako si kama kikubwa cha wote.

Mdau wa Dar

Mzee heshima yako, lakini "chake" kipi? KQ, yaani Kenya Airways, kubwa kuliko sote hapa, 2025 ilieleza kwamba Boeing 787 Dreamliner 3 kati ya 9 zilikuwa chini na hasara ikaifuata. Kama KQ anakwama, kidogo changu kitanisaidia nini?

Mtunza Stoo, Entebbe (mleta uzi)

Mzee wa Embakasi, shikamoo. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu na sitaki kuipita kijuujuu.

Lililotuua 1977 lilikuwa shirika moja lenye mali moja na wenyewe watatu. Ninachosema mimi ni kitu kingine. Kila kipuri kibaki na mwenyewe, kwa namba yake. Nikiazima vali ya kwako usiku huu, nimeshakubali kwa mkataba kwamba nitakulipa kwa siku, na nitakurudishia ile ile au nyingine ya hali sawa yenye cheti. Mashirika ya dunia yanafanya hivyo tangu miaka ya 1940 kupitia umoja wao wa kiufundi wa IATP, hata yale yanayogombania abiria wale wale.

Na stoo isiwe mji mmoja. Tangu lini mpishi mmoja akashika funguo za jiko la watu wanne? Kitu cha gharama kikae kwa anayekitumia zaidi, na vitu vya kuisha haraka, matairi, breki, betri, vali, viwashio vya injini, vigawanywe.

Tazameni ndege zenyewe. Air Tanzania, RwandAir na Jambojet wote wanarusha Dash 8-400, ndege ambayo nayo uzalishaji wake ulisimama 2021. Mashirika matatu, ndege moja, na kila mmoja anaagiza peke yake Canada. Upande wetu, RwandAir ilinunua CRJ900 mbili 2012, zenye injini ya familia hiyo hiyo ya CF34 kama zetu, na ina A330 za kizazi kilichopita. Injini za A330 zao na zetu ni tofauti, hilo nalijua, lakini vipuri vingi vya mwili, umeme na magurudumu vinaingiliana. Kigali ni majirani pekee wenye familia zote mbili za ndege tulizo nazo. Kutokuwa na mkataba nao kunaniuma kuliko bei ya dola.

Gatuna umesema kweli, na jibu langu ni kwamba kipuri cha dharura hakipiti Gatuna, kinapanda ndege. Na hata hivyo mkataba uandikwe uwe na kifungu cha siku mbaya: viongozi wakigombana, kila mwenye kipuri ana haki ya kukichukua ndani ya muda fulani, na kuna msuluhishi aliyekubaliwa tangu mwanzo. 1977 hatukuwa nacho.

Kuna lingine ambalo halihitaji hata fedha. CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa EAC, ofisi zake ziko hapa hapa Entebbe. Karakana ikishakaguliwa na mamlaka ya Nairobi au Addis, kwa nini ikaguliwe upya na kila nchi ya jumuiya ndipo cheti chake kikubalike? Tukimaliza hilo, breki iliyotengenezwa Nairobi haitalazimika kushindana na iliyotumwa Ulaya na kurudi.

Kwa Wakenya wa 737: kile kipande cha kuziba nafasi ya mlango kilichochomoka kwenye ndege ya Alaska Airlines Januari 5, 2024 kinatuhusu pia. Bolti 4 hazikuwepo, kwa sababu kipande kile kilifunguliwa kiwandani ili kurekebisha ribiti na hakuna aliyeandika kwamba kimefunguliwa. Baada ya hapo FAA ikaifungia Boeing isizidi 737 MAX 38 kwa mwezi. Ndege mpya zikachelewa, za zamani zikaongezewa miaka, na za zamani ndizo zinazokula vipuri tunavyovigombania. Karatasi moja isiyoandikwa Marekani inafika mpaka rafu yangu.

Mwana Soroti, kazi ya stoo ianzie hapo ulipo. Maliza leseni ya ufundi kwanza, usiiache, kwa sababu mtunza stoo asiyejua kipuri kinafanya nini ataletewa chochote. Kisha soma ugavi na ununuzi, hapa Kampala vyuo vinafundisha. Ukija likizo omba mafunzo kwenye kitengo cha kupokea mizigo, si hanga pekee. Ukae na anayefungua maboksi, ujifunze kusoma cheti mstari kwa mstari mpaka jicho lako likatae lenyewe palipo na kasoro.

Mzee wa Embakasi

Marahaba. Kifungu cha siku mbaya nimekielewa. Lakini nani atatangulia kufungua stoo yake mwenzake aone kilichomo? Hapo ndipo biashara inapogoma.

Mtunza Stoo, Entebbe (mleta uzi)

Tuanze sisi wa chini, Mzee. Nikitoka zamu nitaweka hapa orodha ya vipuri vya CRJ na A330 vinavyoombwa mara nyingi, namba za aina tu, bila shirika wala bei. Mwenye jamaa Kigali amuombe atie alama kwenye vile wanavyoviomba wao pia.